Kwa Mwenye Nia ya Kwenda Hombo Kuwasikiliza Watunzi

Aliyezoea matamasha ya vitabu ya Nairobi au Kinshasa, ambako mwandishi huketi nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa, akatia saini katika kurasa za mbele na kuyajibu maswali ya hadhira kwa kipaza sauti, na afahamu kabla hajafunga mizigo yake kwamba Hombo hataikuta meza hiyo. Atakuta kituo cha njiani, soko, daraja, na msitu unaoanzia nyuma ya nyumba za mwisho. Na nyuma ya msitu huo ataikuta nchi ambamo mtunzi, tangu zama zisizohesabika, hujitokeza mbele ya watu wake kwa sauti, kwa njuga na kwa miguu inayocheza, nao watu wake wakamjibu. Waraka huu umekusudiwa msafiri atakaye kumsikiliza mtunzi wa namna hiyo, awe Mwafrika au mgeni wa mbali, na shauri lake kubwa ni kwamba aende kama mgeni mwenye adabu katika baraza la watu, asiende kama mwindaji wa ngano.

Hombo, mashariki mwa Kongo, ni mbili, zikitazamana daraja likiwa baina yao. Hombo ya Kusini imo katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Hombo ya Kaskazini ni mlango wa wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, mkoa uliozaliwa mwaka 1988 ilipogawanywa Kivu ya kale kuwa mikoa mitatu. Njia ya desturi ya kufika huko hutokea Bukavu, kwa barabara ya taifa namba 3 iendayo Kisangani: hupita Miti, ikapanda na kukata kati ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuitwa kwa majina ya milima miwili ya volkano zilizokwisha kuzimika, kisha ikateremka hadi Bunyakiri na Hombo, baridi ya nyanda za juu ikimwacha abiria kidogo kidogo na mvuke wa bonde ukimpokea. Katika ramani safari hiyo ni fupi. Katika matope ni jambo jingine, na mwenye hekima hamuulizi dereva kilomita ngapi zimesalia. Humuuliza kama lori lililokwama jana limekwisha kutoka. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo iliyo afadhali, ingawa katika msitu ule hata kiangazi hakikosi mvua.

Kuhusu amani sitamficha msafiri lolote. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Januari mwaka 2025, na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata. Mji wa Walikale nao ulitwaliwa mwezi wa Machi, ukaachwa mwanzoni mwa Aprili. Wilaya za Masisi na Walikale zilikuwa zimekwisha kuonja makundi ya silaha ya kila jina kwa miaka mingi kabla ya hapo, na vijiji kadha wa kadha vimehama, vikarudi, vikahama tena. Kwa hiyo mwongozo huu usisomwe kama mwaliko wa kuondoka kesho. Usomwe na mtu anayengoja wakati wake, ambaye atawauliza kwanza watu wanaolala njiani humo, yaani wachuuzi wa mawese, mapadri na wachungaji wa parokia, na vijana wa pikipiki, kwa kuwa habari zao huwa mbichi kuliko habari za redio. Nao wakimwambia angoje, angoje.

Siku itakapowadia, achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chandarua, na dawa ya malaria. Ajiandikishe kwa maofisa wa uhamiaji, ambao huko hujulikana kwa herufi zao tatu, DGM. Na dola zake ziwe noti safi, maana noti iliyochanika hata ncha hukataliwa sokoni kwa uso mkavu, ijapokuwa faranga chakavu kuliko hiyo hupokewa bila neno. Mtanzania na Mkenya warudishe saa zao nyuma saa moja. Chakula hakitamshinda mtu wa Afrika ya Mashariki: bugali wa muhogo, sombe, maharagwe, ndizi, samaki wa chumvi waitwao makayabu, na jioni, kwa anywaye, kasiksi ya ndizi, ambayo mgeni anafaa kuionja kwa heshima na kuiacha kwa hadhari. Mwenye mji huitwa mzee au papa, mkewe mama, na aliyeshika utawala wa jadi ni mwami. Hodi ya kwanza ya msafiri, kabla hajafungua begi la vyombo vyake, ni kwa mwami huyo au mwakilishi wake.

Lugha haitamsumbua, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachovuka daraja pamoja na mizigo, japokuwa ni Kiswahili cha Kivu, chenye njia zake katika vitenzi na maneno mengi ya Kifaransa, na Mpwani atakayekicheka atajifungia milango kwa mkono wake mwenyewe. Lakini utunzi wenyewe haukai katika Kiswahili. Kandokando ya Hombo husemwa Kitembo. Kuelekea ndani ya Walikale husemwa Kinyanga, Kirega na Kikomo. Kuelekea Masisi husemwa Kihunde na Kinyarwanda. Mwenye haja ya kujiandaa anaweza kutafuta msamiati wa Kitembo uliotungwa na mtaalamu wa Kijapani, Shigeki Kaji, ukachapishwa Tokyo mwaka 1986, ambao maneno yake yamefasiriwa kwa Kiswahili cha Zaire, kwa Kijapani na kwa Kifaransa. Ni kitabu cha ajabu kidogo, kwani huenda ndicho pekee ambamo mkulima wa Bunyakiri na mwanachuo wa Tokyo wanakutana kwa kupitia Kiswahili.

Sasa nifike kwa mtunzi mwenyewe, ambaye kwa ajili yake safari hii inastahili taabu zake. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese kilichomo ndani ya misitu ya Wanyanga, alikuwapo mzee aliyeitwa Shekarisi Rureke, aliyejifunza kazi yake kwa kumfuata mwimbaji aliyemtangulia, Kanyangara, akimsaidia na kumsikiliza mpaka maneno yakamwingia. Mtaalamu wa mila kutoka Ubelgiji, Daniel Biebuyck, aliyekuwa akifanya kazi kwa chuo cha utafiti cha IRSAC, alimwomba aisimulie habari ya shujaa Mwindo tangu mwanzo hadi mwisho. Rureke akaimba, akasema, akacheza na kuigiza kwa muda wa siku 12, kibuyu cha kayamba mkononi na njuga miguuni, huku vijana watatu wakikigonga kipande cha mti kilichoinuliwa juu ya vijiti ili kisiguse ardhi, na umati ukiitikia, ukishangilia, ukimtunza shanga na vitu vidogo vidogo. Sauti yake ikakauka, mwili ukachoka, lakini kisa hakikukatika.

Hapo pana jambo ambalo kila mgeni yampasa alizingatie sana. Rureke mwenyewe alishuhudia kwamba hajawahi kuisimulia hadithi ile yote kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kuchagua sehemu moja leo na nyingine siku nyingine, kwa kadiri ya waliohudhuria na ya hali ya mwimbaji. Hadithi kamili, iliyo na mwanzo upande huu na mwisho upande ule kama kitabu, ilizaliwa kwa sababu mgeni aliiomba. Sisemi kwamba mgeni yule alikosea, maana lau asingeomba tusingekuwa na hazina tuliyo nayo. Nasema tu kwamba msafiri wa leo, mwenye siku mbili na simu yenye betri nusu, hana haki ya kudai kile ambacho hata mwenyewe Rureke alikitoa mara moja tu kwa kujikamua. Na amwachie mtunzi achague. Akiimba robo saa juu ya Mwindo anayeteremka kuzimu kumfuata baba yake, na akanyamaza, hiyo ndiyo hadithi ya usiku ule, nayo imetimia.

Kwa yule asiyeijua kabisa, na ajue walau kiasi hiki ili asiketi kama kiziwi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, alikataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa vivyo hivyo, anatembea na kusema tangu saa ya kwanza, ameshika usinga wake wenye nguvu. Baba akajaribu kumwua kwa kila hila, mtoto akasalimika, akamtafuta shangazi yake Iyangura, akarudi na vita, akamfuata babaye hata kwa Muisa, chini ya ardhi. Mtu angedhani ushindi huo ndio mwisho. Wanyanga hawakuridhika na ushindi: baadaye Mwindo mjivuni akamwua joka aliyekuwa sahibu wa Nkuba, bwana wa radi, naye Nkuba akampandisha mbinguni akamweka huko mwaka mzima katika baridi na jua kali hadi kiburi kikamtoka, ndipo aliporudishwa kuwatawala watu wake kwa sheria za upole, akiwaamuru walime vyakula vingi, wasigombane, wala wasimdhihaki aliye dhaifu. Kwa maoni yangu sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyo bora, na msafiri akiulizwa angependa kusikia nini, na aiombe hiyo.

Adabu za barazani si nyingi, lakini hazina badala. Wajulishwe mapema mwami na wazee, na ulizwe ujira wa mwimbaji pamoja na wa wale wagongaji, ambao aghalabu mgeni huwasahau ilhali katika wao ndimo anamotoka mwimbaji wa kesho. Zawadi itolewe hadharani, katikati ya wimbo, kama wenyeji wanavyofanya. Bahasha ya siri iliyosukumwa mkononi baada ya watu kutawanyika haimpi mtunzi heshima yoyote. Watu wakiitikia, itikia nawe hata kama matamshi yanakuponyoka. Taa ya kamera usiiwashe usoni pake. Ukitaka kunasa sauti, omba ruhusa mbele ya watu, na useme waziwazi utaipeleka wapi. Na usidhani kila kijiji kina mwimbaji: vita vimewatawanya wengi, na huenda mtunzi unayemtafuta amepanga chumba mjini Bukavu au Goma, ambako mwalimu wa shule atokaye kwao atakuonyesha mlango wake kwa urahisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwenye kuvutiwa na maktaba kuliko baraza asipite Kavumu bila kugeukia Lwiro, mahali IRSAC ilipojenga makao yake baada ya kuundwa mwaka 1947, na ambapo leo kipo kituo cha utafiti cha taifa, chenye maktaba na makusanyo ya viumbe. Majengo yake yana fahari ya zama zilizopita, na bustani zake ni tulivu. Mgeni apige hodi ofisini, asiingie kama aingiaye sokoni.

Nimesema tamasha la vitabu halimo njiani humu, lakini sioni kwa nini lisije likawamo, kwani mahali pengine katika Afrika ya Mashariki yamekwisha kuonekana matamasha yasiyomtupa mshairi wa mdomo nje ya ukumbi: maonyesho ya vitabu ya Hargeisa, yaliyoanza mwaka 2008, yamefanywa katika nchi ambamo mshairi asemaye kwa mdomo ana cheo kikubwa kuliko mwandishi wa riwaya, na Unguja ilimheshimu Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtunzi ambaye elimu yake ya mwanzo ilikuwa ya chuo cha Kurani, kama ilivyomheshimu yeyote mwenye shahada. Atakayelianzisha lake Bunyakiri au Hombo hatahitaji mahema makubwa. Atahitaji ruhusa, chakula cha wageni, waimbaji wa Kitembo, Kinyanga na Kihunde walioalikwa kwa majina yao, na sanduku la vitabu vya Kiswahili vya kuwaachia walimu.

Kisa cha Rureke kilichapishwa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1969, kwa Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyekuja kuiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Basi wewe msomaji, ukiwa na nakala yake rafuni na huisomi, au ukiwa mchapishaji unayetafuta kazi ya maana, usiende Hombo mikono mitupu: mfikishie mwalimu mmoja wa Walikale kitabu hicho, na ukipata kukitoa kwa Kiswahili cha bei ya mkulima, jina la Shekarisi Rureke liandike la kwanza juu ya jalada.