Hesabu ya Umeme Nyumbani

Watoto wa Kakontwe wanalijua jiwe la chokaa, kwa kuwa limechimbwa hapa miaka mingi. Wanaijua pia shaba, mali ya Likasi. Vitu hivi viwili havifanani mbele ya umeme. Shaba huupitisha kwa urahisi. Jiwe kavu la chokaa huuzuia. Ndiyo sababu nyaya za nyumba hufanywa kwa shaba. Lakini hata shaba huuzuia umeme kidogo. Kuzuia huko kunaitwa ukinzani.

1. Msukumo, mkondo na ukinzani

Mashariki ya Likasi, kwenye mto Lufira, kuna kituo cha umeme cha Mwadingusha, kilichoanza kazi mwaka 1930. Maji hushuka zaidi ya mita 100 ndani ya mabomba makubwa, nayo huzungusha mashine.

Fikirini maji hayo. Yakitoka juu sana, husukuma kwa nguvu. Umeme nao una msukumo wake, nao hupimwa kwa volti. Maji mengi au machache hupita katika bomba kila sekunde: huo ndio mkondo. Mkondo wa umeme hupimwa kwa ampea. Tena, bomba jembamba huzuia maji kuliko bomba pana. Ukinzani wa umeme hupimwa kwa omu.

2. Kanuni ya Ohm

Georg Simon Ohm alizaliwa Ujerumani mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Ohm akawa mwalimu wa hesabu katika mji wa Cologne. Alipima nyaya nyingi kwa saburi, na mwaka 1827 alitoa kitabu chenye kanuni hii:

Ukinzani = volti : ampea

Tazameni mfano. Umeme wa nyumba una volti 220. Jiko la umeme linapitisha ampea 5.

220 : 5 = 44. Ukinzani wa jiko ni omu 44.

Taa moja inapitisha ampea 0,5 tu.

220 : 0,5 = 440. Ukinzani wa taa ni omu 440.

3. Nguvu

Tukitaka kujua chombo kinafanya kazi kiasi gani kila sekunde, twatafuta nguvu yake. Nguvu hupimwa kwa wati, jina litokanalo na James Watt, fundi wa Scotland.

Nguvu = volti × ampea

Jiko: 220 × 5 = wati 1100.
Taa: 220 × 0,5 = wati 110.

Angalieni vizuri. Ukinzani wa taa ni mara kumi ya ule wa jiko, lakini nguvu ya jiko ni mara kumi ya ile ya taa. Msukumo ni ule ule, volti 220; basi penye ukinzani mdogo mkondo mwingi hupita, na nguvu huzidi.

4. Waya iliyofichwa ukutani

Baba mmoja alikuwa na jiko, pasi na taa mbili. Jiko lilitumia ampea 5, pasi ampea 4, taa mbili ampea 1. Jumla ampea 10. Zote zilipita katika waya moja. Fundi alipima msukumo uliopotea njiani, tangu mwanzo wa waya mpaka mwisho wake, akapata volti 2.

Ukinzani wa waya: 2 : 10 = omu 0,2.
Nguvu iliyogeuka joto ndani ya waya: 2 × 10 = wati 20.

Joto hilo lilienea katika waya yote, wala halikudhuru. Baadaye baba akaongeza majiko mawili kama lile la kwanza. Mkondo ukawa ampea 20. Fyuzi ikayeyuka, nyumba ikawa giza. Baba akataka kuiondoa fyuzi na kutia waya nene mahali pake.

Fundi akamwambia, “Hapana, Baba. Tuhesabu kwanza. Ukinzani wa waya yako ni omu 0,2. Mkondo ukiwa ampea 20, volti zinazopotea ni 0,2 × 20, yaani 4. Nguvu ni 4 × 20, yaani wati 80.”

Baba akashangaa. Mkondo umezidi mara mbili tu, lakini joto limezidi mara nne! Joto hilo liko ukutani, pasipoonekana. Huyeyusha ngozi ya waya, hasa mahali ncha zilipofungwa vibaya, na nyumba yaweza kuwaka watu wakiwa wamelala.

Fyuzi ni kipande cha waya nyembamba kilichowekwa ili kiungue mbele ya nyumba kuungua. Ikikatika, haikukosa, imetimiza kazi yake. Baba akayaondoa majiko yale mawili, na fundi akatia fyuzi mpya ya ampea 10.

Kumbukeni

Volti ukizigawa kwa ampea, wapata omu. Volti ukizizidisha kwa ampea, wapata wati. Kabla ya kuongeza chombo, jumlisheni ampea za vyombo vyote. Kupima ni kazi ya fundi. Mtoto asiguse waya. Kuhesabu ni kazi ya kila mtu.

Maswali

1. Kwa nini nyaya hazifanywi kwa chokaa?
2. Pasi inapitisha ampea 4 kwa volti 220. Tafuteni ukinzani na nguvu yake.
3. Katika waya ya omu 0,2 mnapita ampea 15. Volti ngapi zinapotea? Wati ngapi zinageuka joto?
4. Fyuzi ni ya ampea 10. Jiko na pasi zinawaka. Taa ngapi za ampea 0,5 zaweza kuwashwa pia?
5. Jirani anataka kuweka waya nene badala ya fyuzi. Mtamwambia nini? Mwonyesheni kwa hesabu.