Simu ya baba na usingizi wa mtoto

Ndugu mfanyakazi, wakati uko poste ya usiku, mtoto wako analala kweli? Mtoto wa miaka 8 anasikia kila habari ya ajali ya mgodi inayosemwa mtaani. Hasemi neno. Lakini asubuhi tumbo linamuuma, kitandani ameanza tena kukojoa, masomoni anasinzia. Usimpige. Huenda ni woga, si uvivu.

Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure na madarasa yamejaa. Mwalimu hawezi kumtambua kila mtoto anayenyamaza. Basi tumia simu. Mwandikie: «Mwalimu, mtoto wangu halali vizuri, tafadhali mumwangalie.» Kabla ya kushuka mgodini, tuma sauti yako kwa mama, mtoto aisikie. Ukitoka, tuma nyingine: hiyo ndiyo anayoingojea.

Lakini simu hiyohiyo, yenye video za ajali, ikibaki mikononi mwake usiku, itamnyima usingizi. Umri huu unahitaji saa 9 hadi 11 za kulala. Mama, kila siku saa mbili ya usiku iondoe.

Woga ukipita majuma mawili, mpeleke kwa monganga, na mwalimu naye apate habari.