KUCHAGUA WEMBE WA KUNYOLEA NDEVU

Wengi wetu wa Kidato cha Tano na cha Sita tumekwisha kuota ndevu, na sheria ya shule yataka kidevu safi kila Jumatatu. Muhula huu wavulana wanne wameniuliza swali moja: Je, wembe wa kukunja, ule mrefu wa vinyozi wa zamani unaoingia ndani ya mpini wake, wafaa kununuliwa? Na mtu atautambuaje ulio mzuri? Mimi nimelelewa Nakivale, na mjomba wangu ni kinyozi huko Base Camp. Nimemsaidia kazi kila likizo tangu Kidato cha Kwanza. Basi nitaeleza niliyojifunza, nanyi mliotutangulia shuleni mtaongeza, maana baadhi yenu mlinyoa kwa nyembe hizi kabla sisi hatujazaliwa.

Swali la kwanza si chuma wala bei. Ni hili: wembe huu utapita juu ya nyuso ngapi? Kama ni uso mmoja, wako wewe, nitafika huko. Lakini kama wataka kufungua kibanda cha kinyozi, kama wafanyavyo vijana wengi wa kwetu, wembe wa makali ya kudumu usiununue hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Sababu ni hii. Makao ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960. Leo wanakaa humo watu zaidi ya laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Kiti kimoja cha kinyozi hukaliwa asubuhi na Mkongo, adhuhuri na Msomali, jioni na Mnyankole aliyeleta matoke sokoni. Kunyoa huleta mikwaruzo midogo ambayo mara nyingi haionekani, na kijidudu cha homa ya ini aina ya B chaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi kikiwa bado na nguvu, hata katika alama ya damu iliyokauka. Tena huambukiza kwa urahisi kuliko kile cha UKIMWI. Hapa Uganda chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002, lakini wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.

Kupangusa wembe kwa kitambaa hakukiui kijidudu hicho. Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: wembe wa kudumu hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi kabla ya kila kazi, na ukanda huo hauchemshiki. Kwa hiyo damu ya mteja wa kwanza yaweza kumfikia wa tano kwa njia ya ukanda, hata kama wembe wenyewe ulioshwa. Mashabiki wa mpira husema kwa fahari, "Wembe ni ule ule." Katika kibanda cha kinyozi maneno hayo ni ya kutisha.

Mjomba hutumia mpini wa chuma usio na makali yake mwenyewe. Huchukua wembe wa kawaida, ule mwembamba wa makali mawili, huuvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, kisha hutia nusu moja katika mpini. Mteja akiondoka, nusu ile hutupwa ndani ya kopo lenye kifuniko, na mpini huoshwa kwa sabuni na kutiwa katika spiriti. (Wembe huu mwembamba tumeletewa na Mmarekani, King C. Gillette. Alipoanza kuuza mwaka 1903 alipata wanunuzi wa mashine 51 tu, na leo hakuna duka la kijijini lisilo nao.) Ukinunua mpini wa namna hiyo, tazama mambo mawili: kwamba washika nusu ya wembe imara bila kuchezacheza, na kwamba wafunguka wote, kwa maana usiofunguka huficha uchafu. Nawe ukiwa mteja, iwe Nakivale au Mbarara mjini, mtazame kinyozi akifungua karatasi mbele yako. Asipofungua, shuka kitini. Hakuna adabu inayokukataza.

Sasa tuje kwa mwenye uso mmoja. Wembe wa kukunja ukitunzwa hudumu miaka mingi, na hapo ndipo faida yake ilipo. Ukienda Mbarara sokoni usivutwe na mpini wenye nakshi. Fungua wembe, uulaze juu ya kipande cha kioo: mgongo na makali vyote viwili viguse kioo toka mwanzo mpaka mwisho. Mwanga ukipenya chini, umepinda, rudisha. Kisha yaelekeze makali kwenye taa. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari unaong'aa, hapo ni butu, na ukiona nukta inayong'aa, hapo pana pengo. Kutu juu ya mgongo si neno, lakini kutu iliyochimba vishimo karibu na makali haina dawa. Jina la Sheffield au Solingen lililogongwa kwenye chuma ni dalili njema, kwa kuwa miji hiyo, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Ujerumani, imesifika kwa nyembe muda mrefu. Lakini jina laweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo, basi kioo na taa vitangulie.

Upana wa kufaa ni sehemu tano za nane za inchi, yaani karibu milimita 16, na ncha iwe ya mviringo. Ncha ya pembe kali ni ya fundi, itakukata sikio.

Mgongo nao utazame sana, kwa sababu ndio unaopima makali. Wakati wa kunoa, wembe hulazwa juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja. Wenzangu wa hesabu wataona mara moja: mgongo wa unene wa milimita 4 una nusu ya 2, gawanya 2 kwa 16 upate 0.125, ambayo ni saini ya digrii 7 na kidogo. Pande mbili hufanya pembe ya digrii 14 hivi. Mgongo uliolika kwa kunolewa vibaya hupunguza pembe hiyo, na makali huwa membamba mno, yakavunjika. Juu ya jiwe makali hutangulia. Juu ya ukanda wa ngozi mgongo hutangulia, la sivyo utakata ukanda. Mjomba aliutengeneza ukanda wake kwa ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi, na Ankole hatukosi ng'ombe. Ngozi ya bandia haifai, hubanduka.

Wengine hunyoa karibu mno, wakidhani ndiyo sifa ya wembe. Nywele zetu hujikunja. Unywele uliokatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi na kufanya vipele, hasa shingoni. Vuta ngozi kidogo, inamisha wembe digrii 30 hivi, fuata njia ya nywele zinavyolala, pita mara moja, acha. Na yule aliyesema ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji, alijua kazi: ndevu zilizoloweshwa kwa dakika mbili tatu hulainika na kukatika kwa urahisi.

Ukimaliza, kausha wembe vizuri, upake tone la mafuta ya cherehani, uache wazi kwanza kabla ya kuukunja. Anayetaka kujifunza kunoa aje Base Camp wakati wa likizo, Jumanne asubuhi, wateja wakiwa wachache. Kinoo kipo. Aje na wembe wake mwenyewe.