Jinsi ya Kupunguza Mzigo wa Ada Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Familia za Kariakoo

Mtaa wa Congo bei ni maelewano. Muuzaji anataja elfu arobaini, mteja anataja ishirini na tano, wanakutana katikati na mzigo unafungwa. Mzazi aliyezoea biashara hiyo akifika kwa mhasibu wa chuo cha umma anakuta ada imeshapangwa, na hakuna wa kumwomba apunguze. Hata hivyo, wazazi wawili wenye watoto kwenye kozi moja wanaweza kutoa mfukoni kiasi tofauti kabisa. Mara nyingi kinachowatofautisha ni karatasi: nani aliziandaa mapema, nani alisubiri hadi Agosti, maombi ya mkopo yanapokaribia kufungwa.

Ada yenyewe

Kwa Mtanzania, kozi nyingi za shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziko kati ya shilingi 1,000,000 na 1,500,000 kwa mwaka. Hiyo tayari ni bei iliyopunguzwa, kwa sababu mishahara ya wahadhiri na sehemu kubwa ya gharama za chuo hubebwa na Serikali. Mwanafunzi wa kigeni hulipa zaidi sana. Juu ya ada kuna michango midogo midogo, ikiwemo 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na bima ya afya kwa asiye na kadi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo hicho kilizaliwa hapa hapa jirani, kwenye jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka mingi Serikali ililipa kila kitu, hadi sera ya kuchangia gharama ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Leo hapo ndipo mahali pa kwanza pa kutafuta nafuu.

Nani anaweza kuomba mkopo

Mwombaji awe Mtanzania asiyezidi miaka 35, awe amepata nafasi kwenye chuo kinachotambuliwa, asiwe na ajira yenye mshahara, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Bodi hupima uhitaji. Yatima, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mlemavu, na anayetoka kaya inayosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hupewa uzito zaidi, lakini kila hali lazima ithibitishwe kwa hati. Kumweleza mtu shida zako kwa mdomo hakusaidii, kwani mfumo unasoma kilichopakiwa tu.

Karatasi za kuandaa

- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kupitia mtandao wao. Aliyezaliwa Zanzibar anahakiki kwa mamlaka ya usajili ya huko.
- Vyeti vya vifo vya wazazi, kwa yatima, navyo vihakikiwe RITA.
- Fomu ya ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, kwa anayehusika.
- Namba ya kaya ya TASAF, kwa wanufaika.
- Ushahidi wa ufadhili, kama masomo ya sekondari yalilipiwa na mtu au taasisi.
- Picha na kitambulisho cha mdhamini, kwa mfano cha NIDA.

Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha kidato cha nne. Kama mtoto ni Mwanahamisi kwa RITA na Mwanaamisi shuleni, shughulikieni hilo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne itakayotumika Bodi iwe ile ile aliyoombea udahili chuoni. Ukitumia mbili tofauti, mifumo haitakutambua kuwa ni mtu mmoja.

Stationery ya Agosti

Maombi yanafanyika mtandaoni, na ada ya fomu, ambayo imezoeleka kuwa 30,000, hulipwa kwa namba ya malipo (control number) inayotolewa na mfumo wenyewe. Ukifika mwishoni mwa Agosti kwenye stationery za Msimbazi au Uhuru utakuta foleni: kijana ameshika bahasha ya kaki, mtandao unazunguka, na mwenye kompyuta anagundua ukurasa wa mdhamini hauna sahihi. Mdhamini yuko Tanga. Kesho dirisha linafungwa.

Kwa hiyo, fomu ikishachapwa, ipitieni ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuipakia. Inatakiwa sahihi ya mwombaji, ya mdhamini, ya wakili au hakimu, na muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri huo unatoka mtaa mnaoishi, si mtaa wenye fremu ya biashara. Mzazi anayeuza vitenge Kariakoo na kulala Mbagala aende kwa mwenyekiti wake wa Mbagala.

Vishoka hawakosekani. Anayedai "ana mtu Bodi" na anataka pesa kwenye namba yake ya simu, mwacheni. Anayewasaidia kujaza fomu alipwe kazi ya kujaza tu, na nywila ibaki kwa mwanafunzi. Mwingine huihifadhi nywila hiyo na kubadilisha taarifa baadaye.

Asilimia mliyopewa

Mkopo una vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Si wote wanaopata ada yote. Tuseme ada ni 1,300,000 na Bodi imetoa asilimia 60. Bodi inalipa 780,000, nyumbani mnabaki na 520,000. Vyuo vingi hupokea malipo kwa mihula miwili, hivyo mnahitaji 260,000 kila muhula. Ulizeni mapema ofisi ya fedha kuhusu awamu, kwa sababu asiyelipa anaweza kuzuiwa mtihani. Kama kiwango hakilingani na hali yenu, subirini dirisha la rufaa na muweke hati mpya. Malalamiko matupu hayabadilishi kitu.

Ufadhili usiorudishwa

Kuna pesa ambazo hazidaiwi kabisa. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022/23, hulipia gharama za wanafunzi waliofanya vizuri sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Benki Kuu ina mfuko uliopewa jina la Mwalimu Nyerere, ulioanzishwa mwaka 2009, ambao umewasaidia hasa wasichana wa hisabati na sayansi. Waliofaulu vizuri wasikate tamaa kabla ya kuomba.

Gharama inayozidi ada

Pesa ya kujikimu, ambayo wanafunzi wanaiita boom, ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Siku 60 ni 600,000. Awamu mbili tu za namna hiyo zinazidi ada ya mwaka ya kozi ya 1,000,000. Maana yake, kwa anayesoma Dar, kula na kulala vinaweza kugharimu kuliko darasa.

Hapo familia ya Kariakoo ina nafasi nzuri. Vyuo vya DIT na CBE viko Barabara ya Bibi Titi, IFM kiko Mtaa wa Shaaban Robert, chuo cha Muhimbili kiko Upanga. Vyote ni vya umma, na mtoto anaweza kulala nyumbani. Anayelazimika kukaa Mlimani aombe hosteli mapema. Zile za Magufuli zilipofunguliwa Aprili 2017 zikiwa na nafasi 3,840, bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 500 kwa siku, wakati mwenye chumba mtaani anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anayefanya kazi aangalie pia Chuo Kikuu Huria, ambako anaweza kusoma huku akiendelea na biashara.

Deni lenyewe

Mkopo unarudishwa. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021, lakini mwajiriwa bado hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye 800,000 zinaondoka 120,000 kila mwezi. Aliyejiajiri naye anadaiwa. Kama mzazi anamudu sehemu ya ada, kukopa kidogo leo ni kumfupishia mtoto muda wa kukatwa mshahara kesho.

Ratiba ya mwaka

Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na katikati hapo vijana wengi wako kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako kushughulikia fomu ni tabu. Hivyo RITA, majina na vitambulisho vimalizwe kabla kijana hajaripoti kambini, na mzazi abaki na nakala za kila kitu. Majina ya waliopata huanza kutoka karibu na Oktoba, kwa makundi. Akifika chuoni, mwanafunzi asaini mkopo mara anapotangaziwa, kwani pesa isiyosainiwa haiingii.