MAZOEA HAYAULIZI BEI
Somo la kujadiliana katika vikundi



Karibu kila kikundi kina mtu wa namna hii. Kwenye mkutano anaahidi kwa moyo wote kuacha kamari ya simu na kulipa deni. Jioni ujumbe unaingia, anabeti tena, na pesa ya mchango imekwisha. Tukisema tu kwamba ni mwongo, hatujamsaidia. Tuangalie kwanza kazi ya ubongo wake.

1. Sehemu inayopima. Iko nyuma ya paji la uso. Ndiyo inayouliza: "Nikitumia shilingi 200 leo, karo itatoka wapi?" Ni ya busara, lakini huenda polepole. Usingizi, wasiwasi na pombe huipunguzia nguvu.

2. Sehemu inayojifunza zawadi. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake huko Uswisi walizichunguza kwa nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni seli ziliamka maji yalipofika. Nyani walipozoea, ziliamka mapema, ishara ya kwamba maji yanakuja ilipotokea. Zawadi isiyotarajiwa iliziamsha sana. Basi si ajabu kamari kushika watu: ushindi wake huja kwa ghafla, na mlio wa simu ndio ishara.

3. Sehemu ya mazoea. Inaitwa striatamu, nayo iko ndani ya ubongo pia. Jambo likirudiwa mara nyingi, upande mmoja wa sehemu hii hulishika, kama ng'ombe anavyojua njia ya mtoni bila kuchungwa. Hiyo ni faida: tunakamua na kupukuchua mahindi huku tukiongea. Hasara ni kwamba mazoea hayaulizi bei. Mwaka 1982, Christopher Adams alionyesha kwamba panya waliozoezwa sana kubonyeza kijiti ili wapate chakula waliendelea kubonyeza hata baada ya chakula kile kuwachukiza.

Sasa tunaelewa. Ahadi hutolewa na sehemu ya kwanza, lakini jioni mkono huongozwa na ya tatu. Kwa hiyo tusitegemee ahadi peke yake.

Kikundi kifanye nini?

(a) Ondoeni ishara. Mwanachama azuie jumbe za kamari kwenye simu yake.
(b) Mchango utolewe siku ile ile ya soko, pesa ikiwa bado mkononi.
(c) Zawadi ya kuweka akiba isichelewe. Mhazini asome jumla mbele ya wote, na wote wapige makofi.
(d) Muwe na subira. Watafiti wa London walifuata watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, kama kula tunda kila siku. Katika matokeo yao ya mwaka 2010, kwa kawaida zoea lilichukua karibu siku 66, lakini makadirio yalikuwa kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Basi aliyeteleza mara moja asifukuzwe. Arudi kesho yake.

Maswali ya kujadili
1. Ni ishara gani hapa kwetu zinazowavuta watu kupoteza pesa?
2. Sheria zetu zinamsaidia aliyeanguka ainuke, au zinamfukuza tu?
3. Ni zoea gani moja jema tutakaloanza wiki hii, siku gani na saa ngapi?