Kufundisha Kiingereza Ughaibuni: Anza na Viza

Matangazo ya kazi ya kufundisha Kiingereza barani Asia huvutia: mshahara mzuri, nyumba ya bure, tiketi juu ya mwajiri. Mhitimu wa Nairobi au Dar es Salaam huanza kwa kunyoosha wasifu wake. Angeanza na swali jingine: je, nchi hiyo inampa raia wa kwetu kibali cha kufundisha Kiingereza?

Korea Kusini, kwa kawaida, hutoa viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Hata ukiwa na shahada ya uzamili ya Kiingereza, pasipoti ya Kenya au Tanzania haimo kwenye orodha hiyo.

China inataka mwalimu wa lugha afundishe, kimsingi, lugha mama ya nchi yake, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili. Aliyesomea ualimu au mwenye leseni ya ualimu ya nchini kwake anaweza kusamehewa sharti la uzoefu. Hapo shahada ya ualimu inakusaidia, ila sharti la lugha linabaki. Mwajiri akuhakikishie kwa maandishi kwamba mamlaka za mkoa wake zinakubali uraia wako.

Mlango usiofunga watu kwa pasipoti ni Thailand. Shahada ni lazima, na asiyetoka nchi inayohesabiwa kuwa ya Kiingereza huonyesha matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC.

Kibali kwanza, ndege baadaye

Kwa China, mwajiri huomba idhini ya kibali cha kazi wewe ukiwa bado nyumbani. Ukishapata barua ya idhini hiyo ndipo unakwenda ubalozini. Stika ikibandikwa kwenye pasipoti, soma herufi ya aina ya viza: Z ni ya kazi, L ni ya utalii, M ni ya biashara. Ukiambiwa, "Njoo na ya utalii, tutaibadilisha ukifika," kataa. Sheria ya China inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15.

Vyeti na mazoezi

Kozi inayoheshimika zaidi ni CELTA ya Cambridge: saa 120, zikiwemo saa sita za kufundisha wanafunzi halisi mbele ya mkufunzi. Kozi za mtandaoni ni nafuu na baadhi ya waajiri huzikubali, lakini hazikupi darasa. Ukichukua ya mtandaoni, omba shule ya jirani ikupe vipindi. Waajiri wengi watataka ufundishe somo fupi kwa video, na aliyezoea ubao hutambulika mara moja.

Shahada hupitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini. Cheti cha polisi cha tabia njema kichukue mwishoni, kwa sababu mara nyingi hutakiwa kiwe cha miezi ya karibuni.

Kabla ya kusaini

Mkataba utaje saa za kufundisha kwa wiki, mshahara na sarafu yake, likizo, anayelipa nauli ya kurudi na muda wa kutoa notisi. Pasipoti ibaki mikononi mwako. Ukipitia wakala, Wakenya wahakiki leseni yake kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Watanzania waulize TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira.

Usikope wala usiuze kiwanja kwa ahadi ya simu. Kabla hujatoa hata senti, piga simu ubalozi wa nchi unayokwenda, uulize kama raia wa kwenu anapewa viza ya kufundisha Kiingereza. Wakikuambia hapana, hakuna wakala anayeweza kukuuzia ndiyo.