KUBANDUA SI KUNG'OA: SOMO NILILOPATA KWENYE KOCHI LA KOGO

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotufunza kauli ya kutendua, alituandikia ubaoni: bandika – bandua, funga – fungua, kunja – kunjua, chomeka – chomoa. Sote tuliitikia kwa sauti kama kasuku, kisha kengele ikalia na tukasahau. Neno "bandua" mimi nililielewa likizoni, nyumbani kwetu Kiplombe, na nililielewa kwa aibu.

Kogo, yaani nyanya yangu, ana kochi moja la mbao lenye kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Kitambaa hicho alikichagua marehemu babu mwenyewe. Pembeni, pale kitambaa kinapokutana na mbao, pana utepe mwembamba uliobandikwa kwa gundi. Utepe huo ulikuwa umechakaa na kuning'inia kama utumbo wa kuku. Kogo akanunua utepe mpya mjini, akaniambia, "Kijana, nitolee huo wa zamani. Lakini kitambaa kisiguswe. Hicho sitapata kingine."

Basi mimi nikaona hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikashika ncha ya utepe, nikavuta juu kwa nguvu zangu zote. Utepe ulitoka, naam, lakini ulitoka na kitambaa! Mpasuko wa urefu wa vidole viwili ukafunguka mbele ya mkono wa kochi. Kogo alitazama, akanyamaza. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa fundi mmoja wa makochi anayefanya kazi kando ya barabara. Nilimweleza kisa changu. Alicheka kidogo, kisha akasema, "Kijana, wewe uling'oa. Hapa hatung'oi, hapa tunabandua." Aliyonifunza siku hiyo ndiyo ninayowaletea.

Kwanza, elewa kazi ya utepe. Utepe haushiki kitambaa. Kitambaa hushikwa na misumari midogo au pini za stepla zilizopigwa kwenye mbao, na utepe huja juu yake kuzificha. Kwa hivyo ukiutoa vizuri, kochi halitalegea hata kidogo. Zile pini usiziguse.

Pili, jua gundi uliyo nayo. Makochi ya zamani sana yalitumia gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Hiyo hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Gundi nyeupe ya mbao hulegea kwa joto na unyevu pamoja. Gundi ya mche, ile inayoyeyushwa kwa bunduki ya umeme, hulegea kwa joto na hukatika ikipoa sana. Gundi ya manjano ya washona viatu ni ya mpira. Ikipata joto hunyumbuka, na mabaki yake husugulika kwa kidole yakawa vijipira.

Tatu, jaribu mahali pasipoonekana. Nyuma ya kochi, karibu na mguu, ndipo pa kujaribia. Vitambaa vingine ni vya nyuzi za viwandani, na pasi ya moto huviyeyusha au kuvitia mng'ao usiotoka. Maji nayo yanaweza kuacha doa jeupe kwenye vanishi. Ni heri uharibu nyuma kuliko mbele.

Nne, tafuta mwanzo wa utepe. Fundi hunifungia kazi yake mahali pa siri, aghalabu nyuma au chini. Anzia hapo, usianzie katikati kama mimi.

Tano, pasha joto. Nyumbani kwetu asubuhi huwa na baridi, na gundi huwa ngumu kama jiwe. Lilete kochi juani kwa nusu saa hivi, lakini usilisahau huko, maana jua hupausha rangi. Kisha tumia mashine ya kukaushia nywele, au weka kitambaa chenye unyevu kidogo juu ya utepe na upitishe pasi isiyo kali. Pasi ya makaa pia itafaa, ila kung'uta majivu kwanza. Ukiweka mkono na ukashindwa kuuacha hapo, joto limezidi.

Sita, vuta kwa kurudisha nyuma. Hapa ndipo nilipokosea. Usivute utepe juu kuelekea kwako. Ukunje ujilalie wenyewe, halafu uvute polepole ukifuata mbao, kama mtu anayekunjua mkeka kinyume. Ukivuta hivyo unahitaji nguvu kidogo, na kitambaa hakiinuliwi. Nenda urefu wa vidole vitatu, pasha tena, nenda vitatu vingine. Pakikataa, ingiza kisu butu cha meza kikiwa kimelala upande wa mbao. Ukiona nyuzi za kitambaa zinafuata, simama hapo hapo.

Saba, ondoa mabaki. Gundi ya mche igandishe kwa barafu iliyofungwa kwenye mfuko, kisha ivunje kwa ukucha. Gundi nyeupe ifute kwa kitambaa chenye maji vuguvugu. Ya mpira isugue kwa kidole au kifutio. Usiutupe utepe wa zamani kabla ya kumaliza, kwa sababu ndio kipimo chako cha mpya.

Wenzangu, sasa nisikilizeni vizuri. Kuna watu watakaokwambia, "Mwagia petroli, itatoka yenyewe." Tafadhali, usithubutu! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni bila kuonekana hadi ukutane na jiko au pasi ya makaa, na nyumba ikawaka. Gundi ya mpira nayo mara nyingi huwa na toluini, kemikali ambayo mvuke wake hudhuru ubongo. Sote tumewaona mjini Eldoret watoto wa mitaani wakiwa na chupa puani. Mji wetu ulipandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 15 Agosti 2024, lakini chupa hizo bado zipo. Kwa hivyo fanyia kazi nje, nunua gundi kidogo, funga kifuniko, na usimwachie mtoto mabaki. Fundi wangu hutupa kopo baada ya kulikausha kabisa. Alisema, "Kopo langu halitaenda kumlewesha mtoto wa mtu."

Nilirudi nyumbani nikafanya kazi hiyo mchana kutwa. Upande uliobaki ulitoka bila uzi mmoja kukatika. Mpasuko nilioufanya niliushona kwa mkono kwa uzi wa rangi ile ile. Utepe mpya ni mpana kidogo, nao ukafunika nusu yake. Nusu nyingine inaonekana hadi leo. Nilimwomba Kogo aweke juu yake kitambaa chake cha kufuma, akakataa. "Wacha ikae hivyo," akasema, "kila ukikalia kochi la babu yako utaiona." Kisha akanimiminia chai.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Nasi wanachama wa Kiswahili tujue kuwa maneno haya si sawa, ingawa yote yana maana ya kutoa. Hung'olewa kilichoota au kilichopigiliwa, kama mti, jino na msumari. Huambuliwa gome na ngozi. Hukwanguliwa kilichoganda. Lakini kilichobandikwa hubanduliwa, na anayebandua sharti afikirie kile kinachobaki.

ZOEZI
1. Taja vitenzi vitano vya kutendua ambavyo havimo katika makala haya, kisha uvitungie sentensi.
2. Kwa nini utepe ukitolewa vizuri kitambaa hakilegei?
3. Eleza hatari mbili za kutumia petroli ndani ya nyumba.



Mwanachama, Kidato cha Tatu